Programu Iliyogoma na Wakwe Zangu Wawili

Mkwe wangu mdogo, huyu aliyemuoa kitinda mimba wangu, nyumbani tunamwita Vyovyote. Jina nilimpa mimi na sijuti. Muulize anataka chai au uji, atakwambia, "Vyovyote, Mama." Muulize dirisha lifungwe au liachwe, vyovyote. Siku aliyokuja kujitambulisha nilimwonyesha viti viwili, cha mbao na cha sponji, nikamwambia karibu ukae. Akasimama katikati anavitazama, jasho linamtoka, mpaka binti yangu akamshika bega akamketisha. Nikajisemea moyoni, haya, mwanangu kaokota gogo.

Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta za makampuni. Mimi ni fundi cherehani, na kwangu kazi ni kitu unachokishika mkononi ikifika jioni. Gauni limekwisha au halijakwisha. Yeye nikimuuliza leo umetengeneza nini, ananijibu, "Leo nimefuta, Mama." Kesho yake kafuta tena. Siku moja nikauliza mbele za watu kama huko kazini kwao wamemwajiri awe kifutio. Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nisimuonee lakini. Macho yangu yalipoanza kunisaliti, hakutoa hotuba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano kadhaa, anazichomeka kwenye kimto changu, nyeusi huku, nyeupe kule, halafu anaondoka zake. Nilimpenda sana kwa hilo. Sikumwambia, maana mkwe akisifiwa huvimba kichwa.

Hotuba ni za yule mwingine, mume wa binti yangu mkubwa. Huyo tunamwita Mheshimiwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi na gari jeupe, na akitaka apitishiwe chumvi mezani ni lazima kwanza atushukuru sote kwa kuitikia wito. Ni mtu mwema. Bati lote la nyumba ninayolala lilitoka dukani kwake. Wote wawili wananiita Mama, na mimi mbele yao wote wawili nawaita Mkwe, na hivyo tuliishi kwa amani mpaka lilipokuja suala la jicho.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshaniaga siku nyingi. La kulia nalo likaingia mtoto wa jicho, nikawa naona dunia kama iko nyuma ya pazia jepesi. Hospitali wakasema linapasulika, ila daktari wa macho huja kwa msimu, na foleni yake ni ndefu. Ukikosa siku yako unapewa nyingine moja. Ukikosa na hiyo, jina linarudi mkiani, na daktari huyo anaondoka na vyuma vyake hadi atakaporudi, Mungu akipenda. Nitasema wazi: niliogopa. Fundi cherehani asiye na jicho ni wa kukaa kibarazani akisubiri kuulizwa kama amekula. Nimejifungua mara mbili na sikuogopa vile.

Basi Jumapili moja, familia yote ikiwa mezani, nikatangaza. Nikasema, "Siku ya jicho, mkwe wangu atanipeleka."

Mheshimiwa akasema, "Hakika." Vyovyote akasema, "Sawa, Mama." Mabinti wakaitikia. Mambo yakawa yamekwisha, tukaendelea kula.

Siku ikafika. Binti yangu mdogo alitoka alfajiri kwenda zamu yake, akanibusu, akaniambia Mungu akutangulie; mumewe naye akachomeka sindano zangu, akaenda kazini. Nikaoga, nikavaa nguo ya safari, nikatoka barazani na mkoba wangu mapajani. Nikakaa. Jua likaja likanigusa vidole vya miguu, likapanda hadi magotini. Jirani akapita akiwa na ndoo, akasema, "Mama, mbona umependeza?" Akarudi na ndoo imejaa, akasema, "Mama, kumbe bado upo?" Simu sikupiga. Kwanza namba sizioni. Pili, mtu na heshima zake hambembelezi mkwe aliyekwisha kuambiwa.

Walipokuja kushtuka, daktari alikuwa ameshamwita mwingine.

Jioni ile niliwaweka kitako sebuleni, wote wawili kwenye kochi moja.

"Mama," Mheshimiwa akaanza, "kwa masikitiko makubwa..."

"Fupisha."

"Nilidhani ni yeye. Ndiye anayeishi na wewe."

Nikamgeukia mdogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nilidhani ni yeye. Ndiye mwenye gari."

Nikawauliza nani aliwatuma kudhani. Vyovyote, ambaye si kawaida yake kunijibu, akasema, "Mama, hukusema ni yupi."

"Sikuulizwa," nikamwambia, na kesi nikaifunga.

Maana mimi si mjinga. Mama wa mabinti wawili hapimi wakwe kwenye mizani mbele za watu. Nikimtaja wa gari, mdogo atalia kwamba mumewe anadharauliwa kwa kuwa anakwenda kwa miguu. Nikimtaja wa ndani, mkubwa ataniuliza lile bati la juu lilianguka kutoka mbinguni? Ukisema "mkwe wangu" hakuna anayenuna. Hiyo ni busara, na mtu asije akaniambia ni kitu kingine.

Nikapata siku ya pili na ya mwisho. Nesi akaniambia, "Bibi, safari hii usipotokea, sina la kukusaidia." Nikarudi nyumbani, nikaiita familia, nikasema, "Siku ya jicho mkwe wangu atanipeleka, na safari hii asikosekane." Nilisema kwa ukali zaidi, nikaona inatosha.

Asubuhi hiyo Vyovyote hakwenda kazini. Alikuwa ameomba ruhusa. Akanishika mkono, tukatafuta teksi, na nilikuwa nimeanza kumwonea fahari pale simu yake ilipolia. Akasikiliza. Akasema, "Haiwaki kabisa? Inasema nini?" Akasikiliza tena. Kisha akageuka, na hata kwa jicho langu bovu niliona uso umemshuka.

"Mama, ofisi iko njiani. Nipitie kidogo tu."

"Kidogo cha kompyuta nakijua," nikasema. "Daktari hangojei."

"Nakijua na mimi. Lakini kuna watu wanasubiri mizigo yao, na hawawezi kuipata."

Kampuni yao inasafirisha vifurushi. Mzigo ukifika, programu inamtumia mwenyewe taarifa aje auchukue. Siku hiyo tulikuta mlangoni watu wamejaa, sauti juu, na dada wa kaunta anawaambia mfumo umezima. Mzee mmoja alikuwa anarudia neno moja tu, kwamba ndani ya boksi mna dawa zake. Tukapita katikati yao. Vyovyote akaniketisha kwenye kiti kinachozunguka, na niliposhika meza kujizuia nikamwaga kikombe cha mtu. Hakuna aliyeniambia kitu, ndipo nikajua hali ni mbaya.

Walikuwapo Meneja, mtu mnene wa sauti nyembamba, na dada mmoja aliyekaa dirishani, naye mwandishi wa programu kama mkwe wangu.

"Hebu mwambie inachosema," Meneja akamwamuru yule dada.

Dada akasoma kwenye skrini. "Inasema ilihitaji mpeleka taarifa mmoja, imekuta wawili. Ikajizima."

"Wawili si ndiyo vizuri?" Meneja akasema. "Mmoja akichoka, mwenzake anapokea."

Nikaona Meneja ana akili. Nikadakia, "Mwanangu, mtu akikuta wawili si anachukua mmoja anaendelea na safari? Tuna daktari."

Vyovyote akachuchumaa mbele ya kiti changu, vidole vyake tayari vinatafuta kibodi nyuma ya bega. Akanieleza upesi upesi. Ndani ya programu yao kuna vipande vingi: cha kupokea mzigo, cha kupanga mzigo, cha kumjulisha mwenyewe. Na kuna mmoja anayewapanga wote, wenyewe wanamwita mpangaji. Programu ikiamka, kila kipande kinamwambia mpangaji, nipatie mtu wa kupeleka taarifa. Hakimtafuti chenyewe, wala hakitaji jina. Mpangaji anaangalia nani anaifanya kazi hiyo, anampeleka.

"Zamani alikuwepo mmoja tu," akasema, "anayetuma meseji kwenye simu. Nilimwandika mimi. Jana dada hapa ameongeza wa pili, anayetuma barua pepe kwa makampuni makubwa. Kila mmoja peke yake tulimjaribu, akafanya kazi vizuri. Leo wameamka pamoja. Mpangaji kaulizwa nipe mpeleka taarifa, akatazama, akaona wawili wanaostahili, akagoma."

"Kwa nini agome?"

"Hajaambiwa ni yupi, Mama. Na hataki kudhani."

Sikupenda alivyolitamka hilo neno la mwisho. Nikajirekebisha kwenye kiti, kikazunguka, nikajikuta natazama ukuta.

"Turudishe ya zamani," dada akasema.

"Hairudi," Meneja akasema. "Nimewaahidi wakubwa barua pepe kuanzia asubuhi hii. Mfute huyo wa meseji."

"Na watu wa simu?"

"Basi mfute wa barua pepe."

"Wangu hafutwi," dada akasema, na nikasikia kiti chake kikirudi nyuma. "Nimekesha naye."

Njia mbili zilimshinda fisi, na mkwe wangu mimi namjua, viti viwili tu vilimtoa jasho. Nikashika mkoba wangu, nikaona leo jicho langu linazikwa hapa hapa. Meneja naye akapoteza subira. "Nyinyi mnanichelewesha. Weka yeyote, iwake, mengine tutaona baadaye. Yeyote tu."

Nikangoja nisikie sauti ile ninayoijua ikisema vyovyote, Meneja.

"Hapana," mkwe wangu akasema. "Siyo yeyote."

Nikajizungusha na kiti changu nimtazame vizuri, ingawa sikuona ila kivuli kirefu kilichosimama.

"Tukiweka wa barua pepe, yule mzee pale nje hana barua pepe. Taarifa yake itakwenda pasipo na mtu, na hapa kwenye skrini itaonyesha kila kitu ni salama. Afadhali igome tujue, kuliko iwake itudanganye."

"Basi wapeleke wote wawili kwa pamoja," Meneja akasema.

"Inawezekana. Lakini mteja atapata taarifa mbili za mzigo mmoja, na atakuja kudai wa pili."

Dada wa dirishani akacheka puani, ila hasira ilikuwa bado haijamtoka. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo wangu ndiye wa ziada? Sema tu."

Huo ndio mlango ambao mkwe wangu hajawahi kuupita maisha yake yote, kumwambia mtu usoni kwamba kati yenu wawili namtaka huyu. Nilisikia anavyopumua. Nikasikia na kelele za mlangoni. Nikatamani nimsukume kwa mkono.

"Wa simu ndiye wa siku zote," akasema hatimaye. "Popote ambapo hajatajwa mtu, ni yeye. Nitamtia alama ajulikane. Wako si wa ziada. Wako tutamtaja kwa jina pale kwenye makampuni makubwa, na pale hata huyu wa siku zote haruhusiwi kugusa."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake kamili."

Dada akafikiri. "Hapo sawa," akasema. "Hapo nimekuelewa."

Mkwe wangu akaketi, akaandika neno juu, akaandika neno chini. Kwa muda ule hata kifungo kimoja nisingekuwa nimekishona. Wote watatu wakainama mbele ya skrini, nami nikainama ingawa sikuwa naona kitu, na baada ya muda dada wa kaunta akapaza sauti kutoka mbele kwamba imewaka. Simu zikaanza kulia mifukoni mwa watu mlangoni, moja baada ya nyingine. Nikasikia yule mzee akisema, "Ni yangu hii, ni yangu."

"Maneno mawili tu?" nikamuuliza. "Kelele zote zile?"

"Mawili, Mama. Ugumu ulikuwa kuyasema."

Meneja alitaka abaki aitazametazame. Mkwe wangu alishauchukua mkoba wangu. "Nampeleka mama hospitali."

"Hakuna mwingine wa kumpeleka?"

"Yupo," akasema. "Na hivyo ndivyo tulivyoharibu mara ya kwanza."

Tulifika hospitali mimi nimeshika kiuno, yeye ameshika mkoba, wote tunahema. Foleni ilikuwa bado haijanipita. Nikamshukuru Mungu, nikataka kuketi, na hapo nikasikia sauti ninayoijua ikiwahutubia wagonjwa wa benchi zima.

"Mama, karibu sana. Nimekupitia nyumbani sikukukuta, lakini kama nilivyoahidi, mkwe wako yupo. Gari lipo nje, nimeligeuza kabisa, linaangalia lango."

Mheshimiwa. Kafunga duka, kavaa koti. Mara ya kwanza hakutokea mtu, leo wametokea wote. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa kujua nianze na lipi.

Nesi akatoka. "Bibi, ni zamu yako. Nahitaji mtu wako mmoja aingie nawe, amsikilize daktari, aweke saini, na wiki zote za dawa yeye ndiye nitakayempigia simu. Nani?"

"Mkwe wangu," nikasema.

Wakasimama wote wawili.

Nesi akawatazama. "Nimesema mmoja."

"Ni heshima kubwa kwangu," Mheshimiwa akasema, "hata hivyo, kwa kuzingatia..."

"Yeyote tu, Nesi," Vyovyote akasema na kurudi nyuma hatua moja. "Vyovyote mtakavyoona."

Hapo nikakasirika kweli kweli. Mtu yule yule aliyesimama mbele ya Meneja na kusema siyo yeyote, hapa, kwenye jicho langu, amekuwa gogo tena. Nikangoja Nesi amalize mambo, awe na huruma, aokote mmoja aende naye.

"Mimi siwachagulii watu wakwe," Nesi akasema. "Kama hamjaamua, nampitisha wa nyuma yenu, na daktari akimaliza wa leo anafunga." Akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu, na mama yule akaanza kukusanya vitu vyake.

Nikaiona cherehani yangu imefunikwa kitambaa. Nikajiona barazani, jua magotini, naulizwa kama nimekula. Nikawaona na mabinti zangu, mmoja amenuna, mwingine ananiuliza bati. Nikanyoosha kidole.

"Huyu."

"Bibi," Nesi akasema kwa upole, "huyo ni mlinzi wetu."

Benchi zima likacheka, na mlinzi naye. Nikashusha kidole. Kumbe hata kuonyesha siwezi, itabidi niseme kwa mdomo.

"Mume wa mdogo," nikasema. "Huyu ninayeishi naye, huyu anayenitungia uzi. Si leo tu. Siku zote ni huyu, hata nisipomtaja. Na wewe, mume wa mkubwa, kunirudisha nyumbani ni kazi yako kwa jina lako, leo na kila siku ya kliniki, na hakuna mwingine atakayegusa usukani huo. Atakayenuna anune."

Nikasubiri hotuba. Mheshimiwa akaketi, nikasikia benchi likilalamika chini yake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya jukwaani.

"Mama, si ungesema tu siku ile," akasema. "Mimi harufu ya hospitali siiwezi. Tangu asubuhi naomba Mungu asiwe ni mimi." Na kweli alikuwa anajipepea kwa cheti cha mtu.

Jicho lilipona, niseme mapema msije mkakaa roho juu. Sindano natunga mwenyewe sasa, na nimeshawaona wakwe zangu sawasawa. Mmoja ana mvi, mwingine hajui kuchana nywele. Lakini hilo ni la daktari, nami nilikuwa nasimulia la mlangoni.

Vyovyote alikuwa bado amesimama pale pale. Nesi akamwita, hakusogea. Nikamtafuta kwa mkono, nikamshika kiwiko, nikakuta bado ameukumbatia mkoba wangu.

"Una nini wewe?"

"Mama," akasema, "miaka yote hii nilijua wa siku zote ni yeye."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu nyumba moja, nimekula naye, nimemcheka, na sikuwahi kumwambia. Nesi akafungua kalamu, akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikajua atasema mkwe. Ndiyo kweli yenyewe, na kila mtu pale benchi alikuwa ameshaisikia.

"Mwanawe," akasema.

Nesi akanigeukia mimi, kalamu iko hewani. "Bibi, niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia.